Kigari cha mtoto cha njia za rafu: Kagua gurudumu kabla ya kuuliza bei

Wiki hii ukurasa huu unaweka kando bei za mahindi, saruji na hisa ili kuzungumzia bidhaa ambayo wengi wetu tunaihesabu kuwa ya anasa: kigari cha kusukumia mtoto, na hasa kile cha magurudumu matatu kinachonadiwa kuwa kinapita popote, kwenye lami, kwenye vumbi na kwenye mchanga.

Sababu za kufanya hivyo ni mbili. Kwanza, zipo familia za mijini zinazopenda kutoka nje mwishoni mwa wiki, ama kwenda ufukweni, ama kupanda milimani, ama kutembea katika misitu kama Karura pale Nairobi. Familia hizo huvitafuta vigari hivi, na wafanyabiashara wameitikia. Vipo vipya madukani na vipo vya mitumba vinavyoshushwa kutoka kwenye makontena. Pili, mwandishi wa makala haya ameshuhudia kwa macho yake fedha za ndugu zake zikipotea katika bidhaa hii. Naamini hazikupotea kwa bahati mbaya. Zilipotea kwa sababu muuzaji hakujua anachokiuza na mnunuzi hakujua anachokinunua.

Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji asipoteze muda. Kigari cha njia za rafu ni bidhaa nzuri kwa familia inayotoka kweli, lakini thamani yake iko katika mambo matatu tu: magurudumu, breki na upatikanaji wa vipuri. Mengine ni mapambo. Familia inayolipia mapambo inatupa fedha zake, na mfanyabiashara anayeagiza mapambo atabaki nayo stoo.

YALIYOTUKUTA IRENTE

Agosti mwaka jana nilifuatana na dada yangu na shemeji kwenda Lushoto. Mtoto wao alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi miwili, uzito wake kilo 10. Walikuwa wamenunua kigari kipya cha magurudumu matatu katika duka moja la mjini Dar es Salaam. Kilikuwa na rangi ya kuvutia, mahali pa kuwekea chupa, na boksi lake lilikuwa na picha ya mlima. Muuzaji aliwahakikishia kuwa hicho ndicho cha rafu.

Tulianza safari ya miguu kutoka Lushoto mjini kwenda Irente, kwenye ukingo wa Milima ya Usambara unaotazama Mazinde huko bondeni. Njia ni ya vumbi, yenye mawe na mifereji iliyochimbwa na maji ya mvua. Kabla hatujafika nusu ya safari, gurudumu la mbele lilianza kuyumba kama la toroli la sokoni. Hatua chache mbele likapasuka. Kumbe lilikuwa la plastiki tupu, limevikwa ganda jembamba la mpira lenye mistari ya kuigiza tairi. Ndani hakukuwa na beringi. Ekseli ilizunguka ndani ya tundu la plastiki, na tundu lenyewe lilikuwa limeshalika. Shemeji alikidaka kigari kabla hakijaingia mtaroni, na kwa bahati mtoto alikuwa amefungwa mkanda.

Bibi mmoja aliyekuwa akitoka shambani na mzigo wa kuni alisimama akatutazama. "Wanangu," akasema, "mbebeni mtoto mgongoni. Hilo gari lenu halijazoea huku." Dada akatoa khanga kwenye mkoba, akamfunga mtoto mbeleko, na safari ikaendelea. Kigari tulikibeba sisi wanaume.

Tuliporudi mjini tulikipeleka kwa fundi baiskeli. Alikipindua, akabonyeza gurudumu kwa kidole gumba, akauliza, "Tyubu yake iko wapi?" Tukamjibu kuwa hakina tyubu. Akasema, "Basi hapa sina cha kutengeneza." Maneno hayo ya fundi ndiyo kipimo cha kwanza cha bidhaa hii, na historia yake inaonyesha kwa nini.

CHANZO CHAKE NI BAISKELI

Mwaka 1984, Phil Baechler, mkimbiaji wa mji wa Yakima katika jimbo la Washington nchini Marekani, alitaka kukimbia akiwa na mwanawe mdogo. Kigari cha kawaida cha magurudumu madogo hakikuiweza kazi hiyo, hivyo akakifunga magurudumu ya baiskeli. Hapo ndipo ilipoanzia kampuni ya Baby Jogger. Miaka minane baadaye, mwaka 1992, huko New Zealand kulianza vigari vya Mountain Buggy, vilivyolenga njia za milimani na ufukweni.

Kwa mwekezaji, mwendo wa kampuni hizo mbili una somo. Mwezi Desemba 2014 kampuni kubwa ya Marekani, Newell Rubbermaid, iliinunua Baby Jogger kwa Dola za Marekani milioni 210. Mountain Buggy kwa upande wake iliwekwa chini ya wasimamizi wa wadai mwaka 2009, kisha ikanunuliwa na mshindani wake wa nchini humo humo, phil&teds. Wote wawili walikuwa na bidhaa nzuri. Bidhaa nzuri peke yake haimhakikishii mtu faida, na jambo hilo tulikumbuke tutakapofika kwenye hesabu za mfanyabiashara.

Lililo muhimu hapa ni kwamba kigari cha rafu kilizaliwa pale gurudumu la baiskeli lilipokutana na kiti cha mtoto. Ukiliondoa gurudumu hilo, umerudi kwenye kigari cha sakafuni.

GURUDUMU

Gurudumu kubwa hupanda jiwe, dogo hugonga jiwe na kusimama. Ndiyo maana vigari vingi vya kweli vya aina hii huwa na gurudumu la mbele la inchi 12 na ya nyuma ya inchi 12 au 16. Tairi yake hujazwa upepo. Upepo huo hupokea mtikisiko kabla haujafika kwenye mgongo na shingo ya mtoto, na upana wa tairi husaidia gurudumu lisizame mchangani.

Yapo pia magurudumu ya sponji ngumu ambayo hayapati pancha. Kwa anayetembea kwenye lami na njia za vitofali, hayo yanafaa, tena hayana usumbufu. Lakini kwenye mawe hayana msaada mkubwa, na yakishalika hayazibiki. Ya plastiki tupu hayafai kabisa nje ya sebule.

Mnunuzi akumbuke jambo hili: tyubu za inchi 12 na 16 ni saizi zilezile zinazotumika kwenye baiskeli za watoto. Tairi ya inchi 12 mara nyingi huandikwa ubavuni 12½ x 2¼. Kwa hiyo mwenye kigari cha kweli hahitaji kuagiza kipuri Ulaya kila anapochomwa na mwiba. Anakwenda kwa muuza vipuri vya baiskeli, kisha kwa fundi aliye chini ya mwembe. Kwa kuwa rimu ya inchi 12 ina nafasi ndogo ya kuingiza pampu, tyubu yenye valvu iliyopinda hurahisisha kazi. Tena upepo ujazwe kwa pampu ya mkono kwa kiasi kilichoandikwa kwenye tairi. Mashine ya kituo cha mafuta ni ya magari, na inaweza kuipasua tairi ndogo kwa sekunde chache.

Gurudumu la mbele liwe na kifungo cha kulizuia lisigeuke. Sokoni kwenye watu wengi unaliacha huru ili ukate kona kwa urahisi. Kwenye mteremko, kwenye mawe au unapokimbia, unalifunga linyooke, kwa sababu gurudumu lililo huru likigonga jiwe kwa kasi hugeuka ghafla na kukipindua kigari. Lishike gurudumu, uliinue, ulizungushe: likizunguka kimya na kwa muda mrefu, beringi ni nzima. Likikwaruza au kucheza kushoto na kulia, bei ishuke au muachane.

BREKI NA MIKANDA

Breki ya mguu ni ya kuegeshea, haikutengenezwa kwa ajili ya kupunguza mwendo. Familia inayoishi au kutembea milimani itafute kigari chenye breki ya mkono pia, kama ya baiskeli. Uwe na mkanda wa kufunga kwenye kifundo cha mkono wa msukumaji, ili mpini ukiponyoka kigari kisiondoke na mtoto. Kiti kiwe na mikanda ya sehemu tano: miwili ya mabegani, miwili ya kiunoni na mmoja katikati ya miguu.

Mambo haya hayakubuniwa na wauzaji ili kupandisha bei. Australia ililazimisha kwa sheria, kuanzia mwaka 2008, vigari vinavyouzwa nchini humo viwe na mkanda wa kifundo cha mkono na breki ya kuegeshea yenye kiwiko chekundu kinachoonekana kirahisi. Kiwango chao ni AS/NZS 2088. Ulaya wana EN 1888 na Marekani wana ASTM F833. Mnunuzi atafute mojawapo ya namba hizo kwenye lebo iliyoshonwa au kubandikwa kwenye fremu. Lebo yaweza kughushiwa, lakini kigari kisicho na lebo hata moja kimeshajieleza.

Kipimo cha dukani ni rahisi. Weka mfuko wa unga wa kilo 10 kwenye kiti, funga mikanda, peleka kigari kwenye mteremko nje ya duka, kanyaga breki, kisha kisukume kidogo. Kikiteleza, kirudishe ndani. Muuzaji anayekataa jaribio hilo anajua kitu ambacho wewe hukijui.

MITUMBA INA MITEGO YAKE

Wengi hapa nchini hawataweza kununua kigari kipya chenye jina kubwa. Huko Marekani na Ulaya baadhi yake huuzwa kwa zaidi ya Dola 500, kabla ya usafiri na kodi. Hivyo mitumba ndiyo njia ya kawaida, nami naiunga mkono. Fremu nzuri ya aluminiamu iliyotumika miaka mitatu huko Uingereza bado ina maisha marefu kuliko kigari kipya cha plastiki.

Hata hivyo, mtumba unasafiri bila kitabu chake cha maelekezo. Mwezi Februari 2018 Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani ilifungua shauri dhidi ya kampuni ya Britax kuhusu vigari vya magurudumu matatu vya BOB. Tume ilidai kuwa gurudumu la mbele, linalofungwa kwa kiwiko cha haraka kama cha baiskeli za mashindano, linaweza kuchomoka wakati kigari kinatumika. Ilisema kuwa tangu mwaka 2012 imepokea taarifa zipatazo 200, na kwamba watoto wasiopungua 50 na watu wazima 47 waliumia. Kampuni ilikana kuwa vigari vyake vina kasoro. Shauri lilimalizika kwa makubaliano Novemba 2018, ambapo kampuni ilikubali kuwaelimisha watumiaji namna sahihi ya kufunga gurudumu na kuwapatia baadhi yao vifaa mbadala. Makubaliano hayo yalihusu vigari vilivyotengenezwa hadi Septemba 2015.

Simtishi mtu asinunue jina hilo. Hoja yangu ni kwamba elimu ile iliwafikia wenye vigari wa Marekani, haikuwafikia wanunuzi wa mitumba huku kwetu, na kigari cha mwaka 2014 kikitunzwa vizuri bado kinatembea. Kwa hiyo kila kigari cha mtumba chenye kiwiko cha haraka kikaguliwe. Kiwiko kifungwe kwa nguvu mpaka kiache alama kiganjani. Kisha inua sehemu ya mbele na ulipige gurudumu kwa ngumi kutoka juu. Lisicheze hata kidogo. Angalia pia mwaka wa kutengenezwa kwenye lebo, mipasuko ya mpira uliokaushwa na jua, kutu kwenye springi, na mikanda iliyokatwa. Mkanda uliokatwa usikubali kuambiwa kuwa utashonwa.

HESABU YA FAMILIA

Tuchukue mfano wa hesabu tu, ambao msomaji ataubadilisha kwa bei atakazozikuta sokoni siku hiyo. Tuseme kigari kipya cha plastiki kinauzwa Sh. 250,000, na kinakufa baada ya matembezi 25. Kila tembezi limegharimu Sh. 10,000, na mwisho huna cha kuuza.

Tuseme mtumba mzuri unauzwa Sh. 450,000, na unatumia Sh. 60,000 kwa tairi na tyubu. Jumla ni Sh. 510,000. Familia inatoka mara mbili kwa mwezi kwa miaka mitatu, yaani matembezi 72, kisha inakiuza kwa Sh. 200,000. Gharama halisi ni Sh. 310,000, sawa na kama Sh. 4,300 kwa tembezi. Kilichoonekana ghali kimekuwa chini ya nusu ya kile kilichoonekana rahisi. Wahenga walisema rahisi inavunja upishi.

Lakini hesabu hiyo inasimama kwa familia inayotoka kweli. Anayetoka mara mbili kwa mwaka asinunue, akodi au aazime. Aidha, kigari hiki kina uzito wa kilo 10 hadi 14 bila mtoto. Anayeishi ghorofa ya nne bila lifti, au anayesafiri kwa daladala, atakichukia ndani ya mwezi mmoja. Mtoto mchanga asiyeweza kushikilia shingo asikalishwe kwenye kiti cha kigari cha rafu, na watengenezaji wengi wanataka mtoto awe ametimiza angalau miezi sita kabla ya mzazi kukimbia naye. Na pale njia inapokuwa ngazi za udongo na mizizi, mbeleko inakishinda kigari chochote, na bei yake ni khanga moja.

HESABU YA MFANYABIASHARA

Hapa ndipo sikubaliani na baadhi ya rafiki zangu wanaofikiria kuagiza kontena zima. Soko la bidhaa hii ni jembamba. Wanaoihitaji ni wazazi wenye kipato, wenye mtoto wa chini ya miaka minne, wanaopenda matembezi, wenye usafiri wao. Sharti moja likikosekana, mteja hayupo. Tena kigari cha magurudumu matatu hata kikikunjwa kinakula nafasi kubwa kontenani, na usafiri wa majini unalipiwa nafasi. Kodi nazo zipo: vigari vya watoto pamoja na sehemu zake huingia katika kifungu cha forodha namba 8715, na juu ya ushuru kuna VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Mfanyabiashara amuulize wakala wake wa forodha kabla ya kulipia mzigo. Akiuliza mzigo ukiwa bandarini, jibu halitamsaidia.

Mwenye mtaji mdogo nampa ushauri tofauti. Aanze na vipuri. Tyubu na tairi za inchi 12 na 16, viraka na gundi, na beringi havikai dukani, kwa sababu kama havikuchukuliwa na mwenye kigari vitachukuliwa na baba mwenye mtoto wa baiskeli. Fedha inazunguka. Kisha anunue mitumba mitano au sita iliyochaguliwa moja moja, si kwa robota, aipeleke kwa fundi baiskeli ikaguliwe, ibadilishwe tairi, na aiuze kwa dhamana ya maandishi ya hata miezi mitatu. Bei yake itakuwa juu ya ya jirani, lakini jirani hatakuwa na dhamana.

Njia ya tatu ni kukodisha. Katika miji ya matembezi kama Lushoto, Marangu na Arusha, au Zanzibar ambako wageni huja na watoto, familia nyingi zinahitaji kigari kwa siku mbili tu. Vigari vitatu vizuri mlangoni mwa nyumba ya wageni vinaweza kufanya kazi ambayo vigari thelathini havitaifanya stoo. Anayekodisha akague magurudumu na breki kila kigari kinaporudi, kwa sababu mtoto wa mteja akiumia hasara yake haitaandikwa kwa shilingi.

Dada yangu hatimaye alipata mtumba wa magurudumu ya upepo, na kabla ya kulipa alimwita fundi. Alipoulizwa na muuzaji kwa nini anapoteza muda wote huo kwa kigari, alimjibu kwamba anayekaa ndani yake hajui kusema breki imekatika. Nashauri kila mnunuzi aende sokoni na jibu hilo, na kila muuzaji ajiandae kulisikia.